Saba na Mfalme

Siku ya kuganduka kwa Espérance nilikaa nyuma, karibu na makreti ya soda, mahali wanapokaa majirani na watu waliosindikiza wengine. Warundi wakimzika mtu hawamalizi siku ile. Hukaa na msiba mpaka familia itakapokuwa tayari, ndipo huwaita watu, hupika, huleta vinywaji, na yeyote aliyemjua marehemu husimama aseme alimjuaje. Baada ya hapo wenye msiba huruhusiwa kurudi kwenye maisha yao, na hiyo ndiyo kuganduka. Ya Espérance ilifanyika Kakiika, pale Mbarara, uani kwa nyumba yake, chini ya mahema mawili ya kukodi. Mbele waliweka picha yake kubwa, amefunga kitambaa chekundu kichwani, anacheka kwa meno yote. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale asubuhi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Wa Mbarara hawakunijua, na wa kambini walinijua vizuri mno: mimi ni yule Mapendo, Mkongomani aliyegombana na Espérance kwenye bomba la maji zamani, wakakataa kupatanishwa hata kanisani. Mama mmoja wa kambini alipita na sinia la vikombe, akasimama mbele yangu. "Na wewe umekuja," akasema. "Umefanya vizuri. Sasa yamekwisha." Akaniachia kikombe.

Kisha akasimama Kemigisha, aliyecheza naye mazingaombwe. Amekuwa mnene siku hizi, na gauni lake la gomesi lilikuwa la rangi ya dhahabu, mshipi wake uking'aa tumboni. Alishika kipaza sauti kama mtu aliyekizoea. "Mimi nilikuwa mkono ya huyu mama," alisema. "Alikuwa najua karata gani iko chini ya sahani bila kuangalia. Watu walikuwa nauliza mimi, Kemigisha, nyinyi nafanya namna gani? Mimi najibu, hiyo ni siri ya sisi wawili. Na leo nabakia na hiyo siri peke yangu." Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta macho. Mimi nilikiweka kikombe chini. Nilikijua kilichokuwa kinapanda kifuani. Nilidhani kwamba kwa umri huu, na mwenyewe akiwa kaburini, kingekuwa kimepoa. Ulikuwa wivu ule ule. Mimi nimezeeka, wenyewe haukuzeeka.

Mwaka ule wa karata nilikuwa na miaka kama ishirini, naye Espérance alinizidi kidogo. Mchezo wenyewe tulifundishwa na mwalimu mmoja wa hesabu, Mkongomani, aliyeishi jirani na sisi kabla ya kuhamia kambi ya Oruchinga. Alikuwa mpweke, na sisi tulikuwa tunampelekea maji. Mchezo uko hivi. Watu watano wanachomoa karata moja moja, yoyote. Mtu wa sita, mgeni kabisa, anazikusanya, anaficha moja chini ya sahani, na zile nne anazipanga mstari mezani. Mchezaji, ambaye muda wote amegeukia ukuta, anageuka, anaziangalia zile nne, na anaitaja ile iliyofichwa. Siri yake ni kwamba mtu wa sita si mgeni. Karata zina aina nne tu: kopa, uru, shupaza na pau. Kwa hiyo katika karata tano lazima mbili ziwe za aina moja. Msaidizi anaficha moja ya hizo mbili, na nyingine anaiweka ya kwanza kwenye mstari. Hapo aina imeshajulikana. Tatu zinazobaki zinamwambia mchezaji ahesabu hatua ngapi kwenda mbele kutoka kwenye ile ya kwanza, na akimpita mfalme anaendelea na asi. Ukipanga ndogo, ya kati, kubwa, ni hatua moja. Ndogo, kubwa, ya kati, ni mbili. Hivyo hivyo mpaka sita, kwa sababu vitu vitatu haviwezi kupangwa kwa namna zaidi ya sita. Mwalimu alipotuonyesha mara ya kwanza nilisikia kama mtu amenifungulia dirisha. Na mapema sana niliona jambo ambalo Espérance hakuliona, au hakutaka kuliona: kazi yote iko kwa anayepanga. Yeye ndiye anayechagua ya kuficha, anayehesabu, anayepanga bila vidole kusita, huku watu wanamwangalia. Anayetaja anasoma tu.

Lakini anayetaja ndiye anayepigiwa makofi, na hapakuwa na swali nani atataja. Espérance akizungumza, hata mtu aliyekuwa na haraka alitua mzigo. "Wewe ndiye utakuwa mgeni," aliniambia.

"Juu ya nini miye?"

"Kwa sababu una sura ambayo mtu haikumbuki. Usikasirike, Mapendo. Hata mimi, ukikaa siku mbili hujaja, nasahau ulivyo."

Alicheka, nami nikacheka. Alikuwa anasema kweli, na alisema kama mtu anayesifu jembe kwamba ni kali. Nilimwambia liko tatizo lingine. "Batu bote banajua tuko marafiki. Kila fasi banatuona pamoja. Nikisimama kupanga karata, batasema tumesikilizana."

Alifikiri akiwa anachambua maharage. "Basi tugombane," akasema.

Tukapanga ugomvi kama watu wanavyopanga harusi. Mahali: bomba la maji, saa ya mstari mrefu. Sababu: mimi nitasogeza bidoni yake, dumu lake la maji, naye atakuja na kupiga kelele. Tulikubaliana maneno, machache, kisha kila mtu achukue maji yake aende. Siku ilipofika alikuja amefunga kitenge kwa kukaza, kama mtu anayekwenda kupigana kweli. "Nani ametoa bidoni yangu kwenye mstari?"

"Ni miye. Ile ilikuwa fasi ya watu bengine."

Hapo alitakiwa kusema kwamba sina adabu, tuishie. Badala yake akasema, "Nyinyi Wakongomani, mkifika mahali mnataka kuwa wenyewe." Hilo hatukulipanga. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa kwetu akadakia, "Sema na huyo mumoja, usiseme Bakongomani," na Mrundi mmoja akajibu kwamba wanaoanza ni sisi siku zote, na kabla sijaelewa, nusu ya mstari ilikuwa inatukanana na nusu nyingine, bidoni zinapigwa mateke, maji yanamwagika chini. Tulitaka tu watu wasituone pamoja. Espérance alinitazama kati ya vichwa vya watu, na niliona amefurahi. Alikuwa amegundua kwamba anaweza kulifanya kundi la watu liwe chochote anachotaka. Mimi nilikuwa naokota bidoni yangu.

Kule kwetu ugomvi wa wanawake wawili hauachwi hivi hivi. Mama Nabintu, mzee wa kikundi chetu cha sala, alitukalisha nyumbani kwake, akatupa viti viwili vilivyokaribiana na chai ya tangawizi. "Bana bangu," alisema, "bidoni ni kitu gani? Ni plastiki. Munafanya mambo mingi juu ya plastiki." Ilitubidi tukatae. Espérance alikataa kwa machozi, mazuri kabisa, na mimi nilikataa kwa kunyamaza, kwa sababu sijui kusema uongo. Nikijaribu masikio yananiwaka. Basi watu wakasema Espérance ameumia, na Mapendo ndiye mwenye roho ngumu. Jumapili, padri aliposema tutakiane amani, kanisa lilitugeukia. Espérance alimpa mkono mtu wa kulia kwake, akampa wa kushoto, akawapa wa mbele, kisha mkono wake ukaja mpaka karibu na mimi, ukarudi. Tulikuwa tumekubaliana afanye hivyo. Hata sasa, padri akifika mahali pale, huwa naangalia chini.

Tulifanya mazoezi kwao Espérance, kwenye ghala la mahindi nyuma ya nyumba, mchana, watu wakiwa mashambani. Niliingilia upande wa migomba. Kilikuwa chumba cha matofali ya udongo chenye paa la turubai, na turubai lilikuwa na tundu moja lililoangusha mwanga wa duara juu ya magunia. Bidoni ile ile ya ugomvi tuliilaza chini, ikawa ndiyo meza yetu. Nilipanga, alisoma, nilipanga, alisoma, akikosea tulirudia. Kisha alileta maharage yaliyopikwa pamoja na ndizi, sahani moja, na tulikula tukiwa kimya, tukisikiliza nyayo za wapita njia. Nasema hivi nikiwa na hakika: sijawahi kula na mtu kwa raha kama pale. Siku moja wanawake wawili walisimama kupumzika nje ya ukuta ule, mizigo ya kuni kichwani, tukawasikia kana kwamba wako ndani. Mmoja alisema, "Yule Mapendo ni wivu tu unamsumbua. Anaona Espérance ni mzuri, yeye Mungu hakumpa." Mwingine akaitikia. Espérance alijiziba mdomo kwa kitenge asicheke kwa sauti, mabega yakitetemeka. Mimi nilichukua tonge lingine. Kuhusu ugomvi walikuwa wamedanganyika. Kuhusu mimi walikuwa wamesema sawa.

Tulianzia Base Camp, kitovu cha kambi, siku za soko, karibu na wauza mitumba. Espérance alitandika mkeka, akaweka stuli, sahani na karata, akaanza kuita watu. Nilikuwa nahofia kwamba watu watagombania kuja kupanga karata, nami nitakosa nafasi. Haikuwa hivyo. Watu walikubali kuchomoa karata moja na kuirudisha haraka kama inayounguza, lakini alipouliza nani atazikusanya, walirudi nyuma. Waliogopa uchawi. Kuna aliyesema akizishika jina lake litabaki ndani ya karata. Basi mimi, adui wake anayejulikana, nilisimama na kusema, "Leta, miye siogope karata," na watu wakafurahi sana, wakadhani nimekuja kumharibia. Nilificha, nikapanga, nikarudi nyuma. Espérance aligeuka, akazitazama zile nne, akafumba macho, jambo lisilo na kazi yoyote, na akasema kwa upole, "Sita ya uru." Mtu akafunua sahani. Ule ukelele ninausikia mpaka leo. Vijana walimbeba juu. Mtu aliyekuwa kando yangu alinigonga begani: "Umeona? Umeshindwa." Nilisema ndiyo, nimeona. Nilikwenda nyumbani peke yangu nikihesabu tena ile hesabu njiani, hatua nne, ya kati, kubwa, ndogo, jinsi nilivyoiona haraka, na hapakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa yeye, na yeye alikuwa amezungukwa.

Habari zilifika Mbarara. Mwenye hoteli moja ndogo alimwita aje Jumapili mchana, wakati familia zinatoka kanisani na kwenda kula. Tulisafiri kwa magari tofauti. Yeye aliingilia mlango wa mbele, mimi nikaingia kama mteja, nikaagiza soda, nikakaa karibu na nguzo. Mara hii kitenge cha kijani, mara ile sweta, na mara moja miwani ya kuazima iliyonifanya nione karata mbili mbili. Hakuna hata mhudumu mmoja aliyewahi kuniambia karibu tena. Na pale ndipo alipompata Kemigisha, msichana wa kuhudumia meza, mrefu, mwenye shingo ya kutazamwa. Espérance alimvika gauni linalometameta na kumpa kazi ya kuzungusha karata kwa watu na kushika sahani. Hakuwa anajua chochote. Nilipouliza wa nini, Espérance alinijibu, "Ni kwa ajili yako. Watu watafikiri siri iko kwake. Watamwangalia yeye mikono, wewe hawatakuona kabisa." Akili hiyo ilikuwa nzuri. Ilifanya kazi kama alivyosema. Kila Jumapili watu walimwangalia Kemigisha mikono, na Kemigisha akaanza kuamini kwamba mikono yake ina kitu.

Baada ya mchezo wao wawili walilishwa jikoni. Mimi nilinunua chapati yenye maharage nje na kuilia nyuma ya hoteli, kwenye mafungu ya mkaa, nikisubiri gari la kurudi. Ukuta wa jiko ulikuwa na matundu ya kutolea moshi. Nilisikia harufu ya nyama, na ya matoke, na ya ile samli nyeupe ambayo Wanyankore, wenyeji wa Mbarara, huweka mbele ya mgeni wanayempenda. Nilisikia na maneno yao.

"Espérance, wewe kule kambi uko na rafiki?" Kemigisha aliuliza.

"Rafiki? Nilikuwa naye mmoja. Tulikosana kwa mambo ya maji."

"Maji tu? Bambi, pole. Basi sasa mimi ndiyo rafiki."

"Sasa ni wewe. Nipe huo mfupa."

Wakacheka. Nilijua kwamba ilikuwa lazima ajibu hivyo, angejibu vingine angeivunja kazi yetu kwa mdomo wake mwenyewe. Nilijiambia hayo nikiwa nimeishika chapati. Lakini mtu anaposema uongo huwa anayatafuta maneno kidogo, na yeye hakuyatafuta. Yalitoka kama jina lake. Tangu siku ile, ugomvi wetu wa kwenye bomba ulianza kunikaa mwilini. Nilikuwa nakumbuka maneno yake ya "nyinyi Wakongomani" na kuyachokonoa. Kwenye ghala tulikula sahani moja kama kawaida, lakini nilikuwa nahesabu moyoni kama anakula kwa haraka, kama anataka niondoke, kama samli imemfanya aone maharage hayana ladha. Sikumwambia. Nilipanga karata zake vizuri zaidi kuliko mwanzo. Wivu wangu ulikuwa wa namna hiyo.

Jumapili ya mwisho hoteli ilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Karata tano zilizochomolewa nazikumbuka: nne ya kopa, tisa ya kopa, tatu ya uru, saba ya shupaza na mfalme wa pau. Ilikuwa rahisi. Ficha tisa, tanguliza nne. Kutoka nne hadi tisa ni hatua tano. Na tano ni kubwa, ndogo, ya kati. Nikaweka mfalme, tatu, saba. Nikarudi kwenye soda yangu. Espérance akageuka. Alitazama kwa muda mrefu kidogo, akafumba macho kama kawaida yake, akasema, "Saba ya kopa." Kemigisha akafunua sahani. Tisa.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Espérance hakuwa amewahi kukosea mbele za watu, na hakujua afanye nini na uso wake. Halafu akajua. Alininyooshea kidole. "Ni mama huyu," alisema, na sauti yake ikawa tamu tena. "Mkono wake ni mzito. Amezikataza karata zangu zisiseme. Mwangalieni, hata kucheka hacheki." Hoteli nzima ikanigeukia. Mwaka mzima nilikuwa nimetamani watu wanitazame, na walinitazama siku hiyo, wakicheka. Kemigisha alikuja akanishika kiwiko kwa huruma. "Kaa tu, nyabo. Usiogope."

Nilimsubiri njiani, mbali na hoteli, nisijali nani anatuona.

"Umepanga vibaya," alisema kabla hajanifikia.

"Nilipanga sawa. Mfalme mukubwa, tatu mudogo, saba katikati. Ni tano. Ine na tano ni kenda."

"Saba inampita mfalme. Hata mtoto anajua."

Hapo nikaelewa. Kwetu, Wakongomani na Warundi, tukicheza karata za nyumbani tunaondoa nane, tisa na kumi, na saba inapanda juu, inamla mfalme na kupitwa na asi tu. Tumelelewa hivyo. Mtu wa huku aliyejifunza kuhesabu kabla ya kucheza hawezi kukosea vile. Sisi tulijifunza kucheza kwanza. Watu walikuwa wengi, macho yalikuwa mengi, na macho yake yakaisoma saba kama yalivyoisoma tangu utotoni. "Ile ni mu mchezo," nilimwambia. "Hapa ni hesabu. Mwalimu alisema, saba iko saba."

"Unanifundisha mimi?"

"Saba iko saba, Espérance."

"Wewe unanionea wivu. Umefanya kwa makusudi."

"Ndiyo, nakuonea wivu," nikasema. "Hata sasa. Lakini nilipanga sawa."

Alinitazama. Nadhani angeweza kustahimili lolote, hata tusi, isipokuwa lile. Aligeuka akarudi hotelini, na mimi nikapanda gari la Nakivale. Sikuingia tena kwenye ghala lile. Nilingoja mtu aje kutupatanisha. Kwa kweli nilingoja. Lakini nani angekuja? Kwa watu wote tulikuwa tumekosana tangu kwenye bomba, hapakuwa na jambo jipya. Mama Nabintu alikuwa ameshatukalisha na kutunywesha chai, na tulikataa mbele yake. Ugomvi wa uongo ulipata wapatanishi, machozi, hata kanisa. Wa kweli hakuna aliyeuona ukitokea.

Espérance alihamia Mbarara. Alifanya michezo mingine pamoja na Kemigisha, mayai na vitambaa na vitu vya kuwaacha watu midomo wazi, akaolewa, akazaa binti mmoja. Mimi nililima maharage, nikauza, nikaolewa vilevile, nikafiwa na mume. Tulipokutana Base Camp tulisalimiana kwa majina tu, na kila mtu akaendelea na alichokuwa ananunua. Mchezo wa karata tano nilisikia kwamba hakuufanya tena, na hilo lilinifurahisha vibaya. Siku walipotangaza kifo chake baada ya misa sikulia pale, adui halii. Nilikwenda shambani nikalima mstari ambao nilikuwa nimeshaulima jana yake.

Sasa pale Kakiika, Kemigisha alipokaa, binti wa Espérance alisimama. Anaitwa Nadine. Amechukua meno ya mama yake lakini sauti yake ni ya chini, watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Mkononi alikuwa na karata na sahani moja. "Tantine Kemigisha alikuwa mkono ambao watu waliuona," alisema. "Kulikuwa na mwingine. Mama alinifundisha mchezo huu alipoanza kuugua, lakini hauwezekani bila mtu yule. Hakuniambia jina. Aliniambia tu: siku ya kuganduka kwangu, uliza, na usigeuke kumtazama." Akawapa karata watu watano waliokuwa mbele, wakachomoa. Akageukia ukuta wa nyumba. "Atakayezikusanya aje. Akimaliza arudi akae, kisha nitageuka."

Hakuna aliyeinuka. Karata za marehemu, nani azishike. Nilitembea kutoka kwenye makreti mpaka mezani na nikasikia mtu akisema, "Ni nani huyo?" Nilikuwa na uchungu, nisifiche. Nilidhani siri ile alikwenda nayo, yetu wawili tu, na kumbe alikuwa na sahani nyingine na mtu mwingine wa kumfundisha. Nikazikusanya zile karata, nikazifunua. Kumi ya shupaza, malkia wa shupaza, nne ya kopa, saba ya uru, mfalme wa pau.

Palikuwa na njia moja tu. Ficha malkia, tanguliza kumi. Kutoka kumi hadi malkia, ukimpita yule kijana tunayemwita vale, ni hatua mbili. Mbili ni ndogo, kubwa, ya kati. Ndogo ni nne. Na kubwa? Nilisimama pale na saba mkono mmoja na mfalme mkono mwingine. Nikipanga nilivyojua, na huyu mtoto amefundishwa saba ya mama yake, ataaibika mbele ya picha ya mama yake, siku ya kuganduka. Nilimjua Espérance. Hakuwa mtu wa kurudisha neno. Nilikuwa nimeshikilia jambo lile miaka yote, na nililiachia pale kwa ajili ya shingo ya yule msichana iliyokuwa imegeukia ukuta. Nikaweka nne, kisha saba kama ndiyo kubwa, kisha mfalme. Nikarudi kwenye makreti.

Nadine akageuka. Hakufumba macho. Alizisoma, midomo ikicheza, akasema, "Vale wa shupaza."

Wakafunua sahani. Malkia.

Watu waliguna kwa huruma. "Bambi, mtoto," alisema Kemigisha. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Nne, saba, mfalme: amesoma ndogo, ya kati, kubwa. Hatua moja. Kwake yeye saba ilikuwa saba. Nadine hakumtazama mtu. Alibaki ameinama juu ya meza, kisha kwa kidole kimoja akaisogeza saba na kumvuta mfalme mahali pake, akazitazama tena, na nikaona amejua. Aliinua macho na kuanza kuangalia viti, safu kwa safu. Jirani yangu aliniegemea akauliza yule mama aliyepanga amekaa wapi. Nikamwambia ni mimi. Alinikagua juu mpaka chini. "Hapana," akasema, "yule alikuwa mrefu."

Kabla ya chakula Nadine alipita na birika na beseni kutunawisha mikono, kama ipasavyo binti wa msiba. Alipofika kwangu alimimina polepole. "Mama," aliuliza, "saba na mfalme, nani mkubwa?"

"Mama yako alisema nani?"

"Alisema mfalme. Alisema kuna mtu alimwambia hivyo, naye akakataa, na yule mtu alikuwa sawa."

"Basi ni mfalme," nikasema.

Nilifurahi, na wivu ulikuwepo bado, umekaa kando ya furaha bila kusogea: kwamba neno lile alimpa mtoto na hakulileta kwangu, na Nakivale si mbali. Nadine hakuondoka. Mikono yangu ilikuwa imeshatakata, naye aliendelea kunimiminia mpaka birika likaisha.